Jinsi ya kulinganisha nchi mbili kwenye utafiti wa siasa bila kuishia na historia mbili: mwongozo kamili

Tasnifu nyingi za siasa linganishi zinarudishwa na masupavaiza kwa kosa lilelile. Mtu anaandika "ulinganisho wa demokrasia Kenya na Uganda", sura ya pili ni Kenya tangu uhuru, sura ya tatu Uganda tangu uhuru, sura ya nne vikurasa vichache vya "mfanano na tofauti", kisha hitimisho. Nchi mbili zinakaa humo kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Hapo hamna ulinganisho, kuna historia mbili zimebanwa kwenye faili moja.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili usipotee: kwa nini baadhi ya mahakama Afrika zinafuta uchaguzi wa rais na nyingine zinakataa, hata pale majaji wenyewe wanapokiri sheria ilivunjwa. Topiki yako inaweza kuwa nyingine kabisa, ugatuzi, ukomo wa mihula, vyama tawala, hatua ni hizihizi.

Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Kwa kesi mbili au tano huhitaji programu za takwimu kama SPSS au Stata, usimpe mtu hela ya "kukufanyia analisisi".
- Zotero ya kutunzia maandiko, ni ya bure. Anza nayo siku ya kwanza, usisubiri mpaka uwe na PDF mia zenye majina kama "download(17)".
- Katiba na sheria za uchaguzi za nchi zako, toleo lililokuwa linatumika mwaka wa tukio, SIO la leo. Watu wanaanguka sana hapa manake sheria za uchaguzi zinabadilishwa karibu kila uchaguzi.
- Hukumu kamili. Za Kenya ziko Kenya Law, za Uganda ziko ULII, za Malawi MalawiLII, za Tanzania TanzLII. Zote bure.
- Data za V-Dem (alama za wataalamu kuhusu demokrasia ya kila nchi) na Afrobarometer (kura za maoni za wananchi wa Afrika), nazo bure, unadaunlodi tu.
- Kama utahoji watu: barua ya chuo, kibali cha utafiti, na bajeti ya nauli iliyoandikwa kwa ukweli.
- Daftari la karatasi. Ntasema la nini kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kilichotokea huku na kule hakikutokea

Usianze na nchi. Anza na tukio au matokeo ambayo yametokea mahali pamoja, halafu mahali pengine panapofanana napo hayakutokea.

Mfano wetu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, majaji 4 kwa 2. Rudi nyuma Aprili 2006, Mahakama ya Juu ya Uganda inaamua kesi ya Kizza Besigye dhidi ya Yoweri Museveni: majaji wanakubali kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa, halafu kwa 4 kwa 3 wanasema matokeo yabaki kama yalivyo.

Sasa hapo una swali: kasoro zilizokubaliwa na mahakama zilitosha kufuta uchaguzi Nairobi, kwa nini hazikutosha Kampala?

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba tofauti ya matokeo ndo inakulazimisha utafute sababu. Ukianza na nchi utabaki unaelezea nchi, na nchi haiishi kuelezeka.

Onyo: "je Kenya ina demokrasia kuliko Uganda?" sio swali la utafiti, hiyo ni msimamo wa ligi.

Utajua umefaulu ukimwambia swali lako mtu asiyesoma siasa kabisa, kinyozi wako hata, na yeye mwenyewe akauliza "ee, kwa nini sasa?"

Hatua ya 2: Chora mpaka wa kinachohesabika

"Uchaguzi kufutwa", unamaanisha nini hasa? Inaonekana rahisi mpaka uijaribu kwenye mifano halisi.

Chukua Zanzibar. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa 20 Machi 2016 na chama cha upinzani CUF wakaususia. Je unauweka kwenye kundi moja na Kenya 2017? Hapana, kwa sababu aliyefuta ni mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, hakuna mahakama iliyoketi. Huku tume imefuta kazi yake yenyewe, kule chombo cha nje kimefuta kazi ya tume. Matokeo yanafanana kwa macho ila njia iliyoyaleta ni nyingine kabisa, ukiyachanganya hutapata sababu yoyote inayosimama.

Halafu Tanzania. Wanafunzi wengi wa Bongo wanataka lazima nchi yao iwemo, nawaelewa, lakini soma ibara ya 41(7) ya Katiba: mgombea urais akishatangazwa na tume kwamba amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, ila hilo halifanyi Tanzania iwe nchi ambayo "mahakama ilikataa kufuta uchaguzi wa rais". Mahakama haikuulizwa. Mahali ambapo matokeo hayawezekani kisheria hapakufundishi kwa nini hayakutokea. Tanzania inafaa sana kwenye swali jingine, mfano kwa nini nchi fulani zinafunga mlango wa mahakama na nyingine zinauacha wazi, na hiyo ni tasnifu nzuri tu kivyake.

Andika ufafanuzi wako wa sentensi mbili. Kwangu ni: mahakama yenye mamlaka ya mwisho au ya kikatiba, ikiwa na kesi halali mbele yake, inatamka kwamba uchaguzi wa rais uliotangazwa ni batili. Basi. Chochote kisichoingia hapo kinabaki nje hata kama kinavutia.

Hatua ya 3: Chagua kesi, na ujue kesi sio lazima iwe nchi

Kosa la kwanza hapa ni kuchagua zile zilizofanikiwa tu. Afrika uchaguzi wa rais uliofutwa na mahakama na ukarudiwa ni Kenya 2017 na Malawi, ambako Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wa Mei 2019. Ukisoma hizo mbili peke yake utakuta kote kulikuwa na upinzani wenye hasira, mfumo wa sheria uliorithiwa kwa Waingereza, waangalizi wa kimataifa, redio zinazopiga kelele, na utaandika kwamba hizo ndo sababu. Sasa nenda Uganda 2006, vyote hivyo vilikuwepo! Bila kesi ya "hapana" huwezi kujua sababu ipi ni sababu na ipi ni mapambo.

Kwa kawaida unachagua kati ya njia mbili. Ya kwanza, unachukua kesi zinazofanana karibu kila kitu ila matokeo ni tofauti, halafu unatafuta kile kichache kisichofanana. Ya pili ni kinyume chake, kesi zisizofanana kabisa ila matokeo ni yaleyale, unatafuta kile kichache wanachoshirikiana. Kwa mwanafunzi wa shahada ya pili mi nashauri ya kwanza, inasimamika kirahisi.

Na hapa ndo pana siri ambayo wengi hawaambiwi: kesi yako inaweza kuwa uchaguzi, sio nchi. Kenya ina kesi za urais za chaguzi kuu tatu chini ya Katiba ileile ya 2010. Mwaka 2013 mahakama ilikataa, 2017 ilifuta, 2022 ilikataa tena na safari hii majaji wote saba kwa pamoja. Nchi moja, mahakama moja, kikomo kilekile cha siku 14 za kuamua, majibu tofauti. Ulinganisho wa ndani ya nchi unazuia mambo mengi sana, huwezi tena kusingizia ukoloni wala utamaduni wala sijui ukabila, vyote vipo miaka yote mitatu.

Kwahiyo orodha yangu inakuwa hivi: Kenya 2017 na Uganda 2006 ndo jozi kuu, Kenya 2013 na 2022 za kupima ndani ya nchi, Malawi ya kujaribia mwishoni kama maelezo yangu yanatembea nje ya Afrika Mashariki.

Onyo: usichague Kampala kwa sababu tu una shangazi wa kukulaza. Au chagua, hela ni hela, lakini andika wazi kwamba urahisi ulichangia, halafu toa na sababu ya kisayansi. Wasahihishaji wananusa hiyo kitu.

Hatua ya 4: Andika maelezo pinzani KABLA hujasoma ushahidi

Orodhesha sababu tatu mpaka nne zinazowezekana. Zisizidi hapo, una kesi chache, ukiweka sababu kumi utakuta kila kesi imekuwa ya peke yake. Za mfano wetu:

a) Kipimo cha kisheria. Sheria ya uchaguzi wa rais Uganda, kifungu cha 59(6)(a), ilitaka kasoro ziwe zimeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kenya kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kilisomwa na majaji wa 2017 kwamba mlalamikaji anaweza kupita mlango mmoja kati ya miwili: kuonyesha uchaguzi haukufuata misingi ya Katiba na sheria, au kuonyesha matokeo yaliathiriwa.

b) Namna majaji wanavyopata kazi. Kenya baada ya 2010 wanasailiwa hadharani na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Uganda rais anateua kwa ushauri wa tume na idhini ya Bunge.

c) Aina ya ushahidi uliofika mezani.

d) Pengo la kura. Yaani mahakama zinathubutu pale tu mshindi kashinda kwa kidogo.

Kila moja iandikie mistari miwili: kama hii ni kweli nitaona nini, na nikiona nini itakuwa imekufa. Kwa (d) mfano: kama ni kweli, uchaguzi uliofutwa utakuwa wenye pengo dogo kuliko ambao haukufutwa.

Kwa nini kabla? Kwa sababu ukishasoma ushahidi, akili inatengeneza nadharia inayokaa vizuri juu ya kile ulichokwisha kuona, na hutajua kama imekudanganya. Mtumie supavaiza hiyo karatasi kwa imeili iwe na tarehe.

Hatua ya 5: Chora jedwali likiwa tupu

Fungua Excel. Mistari ni kesi tano, kolamu ni matokeo na sababu zako nne, halafu kolamu ya mwisho "nimeipata wapi, ukurasa gani". Kila kisanduku lazima kijibiwe kwa swali lilelile kwa kesi zote. Ukiuliza Kenya "seva ya tume ilifunguliwa?" na Uganda unauliza "jeshi liliingilia?", huo ni mwanzo wa historia mbili tena.

Badilisha liwe swali moja linaloulizika kote: "Ushahidi mkuu ulitoka kwenye nyaraka za tume yenyewe, au kwenye viapo (maelezo ya maandishi yaliyoapiwa) vya mashahidi wa vyama?" Hilo linajibika Nairobi, Kampala na Lilongwe.

Umefaulu kama mwenzako akipewa jedwali tupu na nyaraka zako anaweza kulijaza akapata majibu yanayokaribiana na yako.

Hatua ya 6: Soma hukumu zenyewe, zote, na za waliopinga

Hii ndo kazi yenyewe, na ndo watu wanaikwepa. Wanasoma magazeti halafu wanaandika "mahakama ilisema".

Angalizo la kwanza: mahakama hizi mara nyingi zinatoa uamuzi mfupi kwanza kwa sababu ya kikomo cha muda, sababu kamili zinafuata. Kenya uamuzi ulisomwa 1 Septemba 2017, hukumu yenye sababu ikatoka 20 Septemba. Uganda nako sababu kamili za kesi ya 2006 zilikuja baadaye. Ukinukuu karatasi fupi ukadhani ndo hukumu, umeikosa nyama yote.

Angalizo la pili: soma majaji waliopinga uamuzi wa wenzao. Kenya walipinga Ojwang na Njoki Ndung'u, na Ndung'u aliingia kwenye fomu zenyewe moja moja kuonyesha kwamba nyingi alizozitazama hazikuwa na shida ambayo majaji walio wengi waliiona. Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu, umepata mtu aliyekuwa chumba kimoja, na ushahidi uleule, akatoka na jibu jingine. Sheria ileile, jibu tofauti, manake sheria peke yake haisukumi kila kitu.

Namna ya kusoma: gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu. Kushoto andika kile mahakama imekubali kwamba kilitokea. Katikati, kipimo ilichotumia. Kulia, ilivyounganisha hivyo viwili, pamoja na namba ya aya. Fanya kwa mkono, kwenye kompyuta utaishia kukopi na kupesti aya nzima na hutakuwa umesoma.

Ngoja nikuonyeshe Kenya 2017. Kushoto: tume ilitangaza matokeo tarehe 11 Agosti kabla ya kuwa na fomu 34A zote, ambazo ndo fomu za vituoni, baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, mahakama iliamuru tume itoe nafasi ya kukagua seva na tume haikutimiza ipasavyo. Katikati: kuvunjwa kwa misingi ya Katiba kunatosha. Kulia: mwenye nyaraka asipozitoa, mahakama inachukulia kwamba madai dhidi yake yana ukweli.

Sasa Uganda 2006. Kushoto: majina ya wapiga kura yalifutwa daftarini, kulikuwa na rushwa na vitisho baadhi ya maeneo, kuhesabu na kujumlisha kulikuwa na kasoro. Kwa kweli ukisoma upande huu tu unaweza kudhani uchaguzi unakwenda kufutwa. Katikati: lazima athari kubwa kwa matokeo ithibitishwe. Kulia: ushahidi mwingi ni viapo vya watu dhidi ya viapo vya watu, na walio wengi wanaona haujafikisha kiwango hicho.

Ukiziweka kurasa hizo mbili mezani utaona wenyewe kwamba tofauti haiko kushoto. Ni katikati na kulia. Hapo ndo ulinganisho unaanza kuongea, na ndo maana nasisitiza daftari.

Hatua ya 7: Namba, lakini kwa adabu

V-Dem wana kolamu ya uhuru wa mahakama ya juu, inaitwa v2juhcind. Ni alama zinazotokana na wataalamu wa nchi husika, sio kipimo cha maabara, ndo maana faili lenyewe linakuja na kolamu za ukingo wa chini na wa juu zinazoishia na "codelow" na "codehigh". Zichukue zote tatu. Kama ukingo wa juu wa Uganda umepanda juu ya ukingo wa chini wa Kenya, huna ruhusa ya kuandika kwa kujiamini kwamba Kenya iko juu.

Chukua pia mwaka kabla ya tukio, sio mwaka wa tukio. Wataalamu wanaojaza wanajua mahakama ilifuta uchaguzi, kwahiyo alama ya 2017 imeshachanganywa na kitu unachojaribu kukieleza. Wengi hawalioni hili.

Afrobarometer inakupa imani ya wananchi kwa mahakama. Sampuli ni watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, na kwa 1,200 kosa la makadirio ni kama asilimia 3 juu au chini, kwahiyo usijenge sura nzima juu ya tofauti ya asilimia mbili. Angalia tarehe za kukusanya data, raundi inayoitwa ya mwaka fulani inaweza kuwa ilifanyika nchi yako kabla ya tukio.

Na kuna swali moja mwishoni mwa dodoso lao linapuuzwa sana: wanamuuliza mhojiwa anadhani nani kawatuma. Wengi wanasema serikali. Ukilinganisha imani kwa taasisi kati ya nchi ambayo watu wanaongea na nchi ambayo watu wanapima maneno, gawanya kwanza majibu kwa hilo swali, la sivyo unapima hofu na kuiita imani.

Hatua ya 8: Kuhoji watu (kama ni lazima)

Sio lazima. Mfano wetu unaweza kuisha kwa nyaraka tu, na kama huna hela wala muda achana nayo bila aibu.

Ukiamua, vibali kwanza: Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, Tanzania ni COSTECH, na juu yake kamati ya maadili ya chuo. Anza mapema sana, fomu inarudi kwa sababu ndogondogo kama barua isiyo na muhuri. Zanzibar ina utaratibu wake, usiende Unguja na kibali cha bara ukidhani umemaliza. Onyo kali: usihoji hata mtu mmoja kabla ya kibali, na miezi ya kuelekea uchaguzi mtu anayeuliza maswali ya tume na kura anaweza kujikuta anatoa maelezo mahali asipopapenda.

Usimuulize wakili "kwa nini mahakama ilifuta?", atakupa hotuba aliyoizoea. Muulize vitu vya kushikika: siku ile mliomba fomu kwa nani, mkapewa lini, ngapi zilikuja, nani alizipitia usiku. Kutoka hapo utapata mnyororo wa matukio, na mnyororo ndo unaunganisha sababu na matokeo.

Majina yafiche tangu kwenye faili la kwanza. Tumia "Wakili A, Nairobi", orodha ya majina halisi iwe mahali pengine yenye nywila. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data za 2019, Tanzania ya 2022, na mwenye data ni wewe.

Hatua ya 9: Anza kuua maelezo

Jedwali limejaa. Sasa pitia sababu moja moja ukitafuta kuiangusha, sio kuipamba.

Pengo la kura: Kenya 2017 Uhuru alitangazwa kwa asilimia 54.27 dhidi ya 44.74 za Raila Odinga, pengo la kura kama milioni 1.4, na ukafutwa. Kenya 2022 Ruto 50.49 dhidi ya 48.85, pengo dogo sana, na ukabaki. 2013 Uhuru alivuka nusu kwa kura elfu chache tu, ukabaki. Maelezo (d) yamekufa, yazike, usiyarudishe kwenye hitimisho kwa sababu tu supavaiza anayapenda.

Uteuzi wa majaji: utaratibu wa Kenya ni uleule 2013, 2017 na 2022, majibu tofauti, kwahiyo utaratibu peke yake hautoshi. Ila tulia kidogo. Waliokaa sio walewale, 2013 Jaji Mkuu ni Willy Mutunga, 2017 Maraga, 2022 Martha Koome. Na inawezekana utaratibu ni sharti la lazima japo halitoshi, yaani bila huo mahakama isingethubutu kabisa. Andika hivyohivyo, "halitoshi peke yake", usiseme "haina mchango".

Kipimo cha kisheria: kinaelezea vizuri Kenya 2017 dhidi ya Uganda 2006, lakini ndani ya Kenya kinayumba kwa sababu kifungu cha 83 kilikuwepo na 2013.

Ushahidi: hapa pananoga. 2013 mahakama ilikataa kupokea ushahidi wa ziada wa walalamikaji kwa kuwa ulichelewa. 2017 tume ilibana nyaraka zake na hilo likaigeuka. 2022 tume iliweka fomu 34A kwenye tovuti kila mtu akajumlisha mwenyewe, ukaguzi wa seva uliofanyika chini ya mahakama haukutoa kilichodaiwa, kesi ikaanguka. Nenda Malawi kujaribu: hamna habari ya seva, kuna karatasi za matokeo zilizofutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia, na kuandikwa upya, tena ni karatasi za tume yenyewe. Mahakama ikasema kasoro zilikuwa za kila mahali na nzito, ikafuta, licha ya kwamba majaji walikuwa na miezi ya kusikiliza na sio siku 14.

Kwahiyo teknolojia sio jibu, na wingi wa siku sio jibu. Kinachobaki kimesimama ni hiki: mahakama inafuta pale ambapo nyaraka za tume yenyewe ndo zinaishtaki tume, na sheria haimlazimishi mlalamikaji kuhesabu kura iliyoibwa moja moja. Unaona hayo ni maelezo ya sababu mbili zikifanya kazi pamoja, na yanaweza kukosolewa na mtu mwenye kesi nyingine. Zambia 2016 mfano, siku 14 ziliisha kabla kesi haijasikilizwa, ushahidi haukufika hata mezani. Jaribu kuiweka kwenye jedwali uone inakaa wapi.

Umefaulu hatua hii kama angalau sababu moja uliyoipenda mwanzoni imekufa. Kama zote nne zimepona, hukupima.

Hatua ya 10: Kuandika

Hedingi za sura ziwe sababu, sio nchi. "Kipimo cha kisheria" ndani yake Kenya na Uganda zinaongea aya kwa aya. "Ushahidi" vilevile. Historia ya kila nchi ipewe kurasa mbili tatu mwanzoni, zile tu ambazo msomaji bila hizo hataelewa jedwali. Uhuru wa 1962 na 1963 hauhitajiki humu, achana nao.

Jedwali liweke mapema, kabla ya uchambuzi, sio kwenye viambatisho ambako hakuna anayefika. Madai yapime kwa saizi ya ushahidi, una kesi tano, usiandike "barani Afrika mahakama...". Andika "katika kesi hizi tano".

Kabla hujamtumia supavaiza, fanya jaribio hili. Chukua sura moja ya uchambuzi, tengeneza nakala, futa kila sentensi inayotaja Uganda. Soma kilichobaki. Kama sura bado inasomeka vizuri na hoja haijapungua kitu, hukulinganisha, rudi hatua ya 5 ukaangalie ni kisanduku gani ulikijaza kwa swali la nchi moja. Kama imevunjika katikati na haieleweki, itume.